Mswada Ukishapigwa Picha

Mwaka 1905 kijana aliyekuwa akisoma Oxford aliingia katika maktaba ya Bodleian na kitabu kikubwa cha kale kutoka nyumbani kwao. Hakuja kukiuza. Jalada lilikuwa limeanza kuachia, naye alitaka ushauri. Wakutubi walipoligeuzageuza jalada lile waliona kazi ya mjalidi wa Oxford wa karne ya 17, na ukingoni wakaona kovu la mahali palipokazwa mnyororo, kwani zamani vitabu vikubwa vya maktaba hiyo vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu. Kitabu kilikuwa chao wenyewe. Kilikuwa nakala ya Folio ya Kwanza, mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa 1623. Bodleian iliipokea ikiwa mpya, kwa mapatano ya 1610 na chama cha wachapaji wa London, halafu ikaitoa pamoja na vitabu vingine vilivyoonekana vimezidi.

Inaelekea iliitoa mwaka 1664 hivi, toleo la tatu lilipofika likiwa na tamthilia saba za nyongeza. Ukikaa kwenye kiti cha mkutubi wa siku zile huoni kosa. Kitabu kipya kina yote yaliyomo katika cha zamani, tena kimezidi. Nafasi ni finyu. Cha zamani kiende. (Katika hizo saba, ni moja tu, Pericles, ambayo kwa kawaida inakubaliwa leo kuwa na mkono wa Shakespeare.) Mwaka 1906 maktaba ililazimika kupitisha bakuli na kuchangisha pauni 3,000 ili inunue kitu kilichokuwa mali yake, maana tajiri wa Marekani, Henry Folger, alikuwa ameshataja dau hilo.

Hoja ya 1664 haijafa, imebadili mavazi tu. Siku hizi husemwa hivi: mswada ukishapigwa picha safi, kila ukurasa, kwa rangi, ukawekwa mtandaoni ambako yeyote anaweza kuukuza mpaka aone nyuzi za karatasi, ule wa kwenye kabati una kazi gani tena? Wahasibu huuliza hivyo kwa sababu kabati, kiyoyozi na mlinzi hulipiwa kila mwezi. Kinachoshangaza ni kwamba wapo wakutubi wanaouliza swali lilelile kwa nia iliyo kinyume kabisa: mswada ubaki, ila msomaji asiuguse, picha si anayo? Mmoja angependa kuuondoa, mwingine kuufungia. Msomaji aliyesimama mbele ya dirisha la maombi hapati tofauti.

Nianze na upande wa picha, maana una nguvu kuliko wapenzi wa karatasi wanavyotaka kukiri.

Mswada wa Chuo cha Herekali, utenzi tunaouita pia Utendi wa Tambuka, wenye tarehe ya 1728 na uliotoka Pate, uko Hamburg. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, alizozikusanya mmisionari W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, ziko London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na fundi wa kuchonga mbao, alinakili tenzi kwa mkono wake mzuri kwa ajili ya wateja wa Kizungu, na sehemu kubwa ya nakala hizo ilivuka bahari pamoja na wateja. Kwa msomaji asiye na viza wala nauli, mswada uliomo katika chumba cha chuma ng'ambo ya bahari hautofautiani na ulioungua. Anayesema kwamba picha si kitu amesahau hilo, au hajawahi kunyimwa viza.

Picha pia inaweza kufanyika bila mswada kuhama. Katika msikiti wa Riyadha, Lamu, vitabu vya mkono vilipigwa picha kupitia mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, na vitabu vyenyewe vikabaki palepale. Linganisha na zama za Taylor, ambapo kukihifadhi kitabu na kukichukua vilikuwa karibu kitendo kimoja.

Halafu kuna miswada iliyotawanyika. Emily Dickinson alikufa mwaka 1886 akiacha mashairi yapatayo 1,800, ambayo ni machache mno yaliyokuwa yamechapwa akiwa hai. Ugomvi wa kifamilia uliyagawa: fungu moja likaishia Harvard, jingine chuo cha Amherst. Kwa miaka mingi mtafiti aliyetaka kuona shairi na rasimu yake alifunga safari mbili. Mwaka 2013 picha za pande zote zikawekwa kwenye tovuti moja. Hakuna mahakama wala upatanisho wa warithi ulioweza kufanya hivyo, kamera imeweza.

Na kuna moto. Utenzi wa Kiingereza cha kale uitwao Beowulf umebaki katika mswada mmoja tu duniani. Mwaka 1731 nyumba ulimotunzwa, Ashburnham House ya London, iliungua. Mswada ukaokolewa, lakini kingo zake ziliunguzwa na kwa miongo iliyofuata zikawa zinamomonyoka, herufi baada ya herufi. Mwaka 1787 msomi aliyetoka Denmark, Thorkelin, alipata nakala mbili za kazi hiyo, moja ya mnakili aliyemlipa na nyingine ya mkono wake. Leo kuna herufi nyingi tunazozijua kupitia nakala hizo peke yake, kwa kuwa kwenye ngozi hazipo tena. Nakala imezidi asili. Mtu wa karatasi akisikia hili hukuna kichwa.

Kisa cha Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, nacho huwakera wote wawili, mtu wa picha na mtu wa karatasi. Kazi zake zilinakiliwa kwenye ngozi katika karne ya 10. Karne ya 13 ngozi hiyo ikakwanguliwa na kuandikwa sala juu yake. Mwaka 1906 msomi wa Kidenmarki, Heiberg, aliisoma Konstantinopoli na kuipiga picha. Baadaye kitabu kikapotea machoni pa wasomi, na kilipouzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2 kilikuwa kimeota ukungu, baadhi ya kurasa hazipo, na nyingine zimepakwa michoro ya kughushi juu ya maandishi. Picha za 1906 zikawa hazina. Hapo wa picha anashangilia. Lakini ngozi hiyohiyo ilipopelekwa Baltimore na kumulikwa kwa mianga ya aina mbalimbali, kisha kwa eksirei, ilitoa maneno ambayo Heiberg hakuyaona na ambayo kamera yake isingeweza kuyaona kamwe. Kama mtu angesema mwaka 1906 kwamba kitabu kimeshapigwa picha hivyo kazi yake imekwisha, maneno hayo yangekwenda na kitabu.

Hapo ndipo upande wa pili unapoanzia, na mimi nitakaa huko kwa muda mrefu zaidi.

Tungo nyingi za zamani za Kiswahili ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo ina alama tatu za irabu fupi, nasi tuna irabu tano. Kwa hiyo kasra ilibeba i na e, dhamma ikabeba u na o. Sauti kama p na v hazina herufi zake katika Kiarabu, basi ba ilisimama kwa b na p, na mara nyingi hata kwa mb. Neno lililoandikwa kwa ba na ta zenye fatha, alama ya a, laweza kusomwa bata au pata. Kaf mbili zenye dhamma ni kuku, au ni koko. Msikilizaji wa zamani hakusumbuka, maana utungo aliujua kwa sikio, na vina na mizani vilimshika mkono. Sisi tunaousoma katika herufi za Kirumi tunasoma uamuzi wa mtu fulani. Diwani ya Muyaka iliyochapwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens ni uamuzi juu ya uamuzi, kwani Taylor na Sikujua walishaamua mengi kabla haijafika kwake. Anayetaka kubishana na uamuzi huo hana pa kwenda ila kwenye mswada.

Utasema: aende kwenye picha ya mswada. Sawa, tuone. Umbo lilelile la jino katika hati hiyo likiwa na nukta moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha, moja juu ni nun. Sasa chukua karatasi iliyoishi pwani, katika unyevu na chumvi, na wadudu wakaipitia. Katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na filamu za namna hiyo ndizo zilizotumika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, tundu la mdudu ni nukta. Doa la uchafu ni nukta. Mwenye karatasi mkononi huigeuza upande wa pili, au huinyanyua kidogo ikaelekea dirishani, na ndani ya sekunde tano jambo limekwisha. Mwenye picha anaweza kuandika makala nzima, yenye rejea za kutosha, kuhusu neno ambalo mtunzi hakulitumia.

Picha za rangi za siku hizi zimepunguza tatizo hili sana, na ni haki kulisema. Hata hivyo, bado mpigapicha ndiye aliyeamua nini kipigwe. Mgongo wa kitabu, upande mtupu wa karatasi, uzi wa kushonea na vipande vya karatasi nzee ambavyo wajalidi walivibandika ndani ya majalada huachwa kwa sababu hakuna anayevihitaji. Vitahitajika siku ambayo mtu atakuja na swali ambalo leo halijamjia yeyote.

Turudi kwa Dickinson, maana hapa ana ushahidi wa pande zote. Mashairi yake mengi aliyashona mwenyewe katika vijitabu vidogo kwa sindano na uzi. Wahariri wa kwanza walivifumua, wakayapanga mashairi walivyopenda. Kwa karibu karne nzima hakuna aliyejua kwa hakika lipi lilifuata lipi. Mwaka 1981 R. W. Franklin alitoa mpangilio wa vijitabu 40 alioufufua kwa kulinganisha matundu ya sindano, madoa ya wino yaliyohamia kwenye ukurasa jirani, aina za karatasi na mikunjo. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni neno la shairi. Lakini leo anayesoma mashairi hayo kwa mfululizo ambao mshairi aliukusudia anamshukuru mtu aliyehesabu matundu. Tovuti ile ya 2013 inaonyesha matundu hayo vizuri kabisa kwa sababu sasa tunajua kwamba yana maana. Nani angejisumbua kuyapiga picha kwa uangalifu mwaka 1900?

Kuna kisa kingine ambacho wahasibu wangepaswa kusomewa kabla ya kikao cha bajeti. Kuanzia katikati ya karne ya 20 maktaba nyingi, hasa Marekani, zilipiga magazeti yao filamu ndogo, kisha zikatupa au kuuza yale ya karatasi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba karatasi ya magazeti ina asidi na itageuka vumbi. Mwandishi Nicholson Baker alilifuatilia suala hili na kulitolea kitabu chenye hasira mwaka 2001. Alionyesha filamu zenye kurasa zilizorukwa na kurasa zisizosomeka, na magazeti yaliyokuwa na vibonzo na ramani za rangi yakiwa yamebaki kijivu. Karatasi zenyewe, alipozipata, nyingi zilikuwa bado zinafunguka vizuri. British Library ilipouza shehena ya magazeti ya kigeni mwaka 1999, Baker alitumia akiba yake ya uzeeni kununua sehemu yake. Baadaye magazeti hayo yakahamia Chuo Kikuu cha Duke. Wapo wakutubi waliomwona amekuza mambo na hakuwatendea haki, kwani nao walikuwa wakipambana na majengo yaliyojaa. Huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyeweza kuzirudisha kurasa zilizorukwa.

Na hao waliosema kwamba dijitali haiozi walipata jibu Oktoba 2023, wadukuzi walipovamia mifumo ya British Library hiyohiyo. Kwa miezi mingi picha za miswada zilizokuwa zikitazamwa na wasomaji wa dunia nzima hazikufunguka. Miswada yenyewe haikuguswa. Ilikuwa palepale kwenye vyumba vya chini. Ni kichekesho cha aina yake kwamba katika mwaka ule njia ya uhakika ya kuiona ilikuwa ile ya kizamani ambayo picha zilikusudiwa kuiondoa.

Mpaka hapa ningeonekana nimeshaamua. Sijamaliza, kwa sababu upande wa kufungia milango una hoja moja ambayo siwezi kuikwepa: wasomaji ni hatari.

Miaka ya 2022 na 2023 maktaba kadhaa za Ulaya, za nchi za Baltiki, Poland, Ufaransa na kwingineko, ziligundua kwamba chapa za mapema za Pushkin na waandishi wengine wa Kirusi zimetoweka. Wezi hawakuvunja madirisha. Walijaza fomu, wakaketi kwenye chumba cha kusomea, wakapima vitabu na kuvipiga picha, kisha wakarudi na nakala za kughushi na kuzibadilisha. Mwaka 2024 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilitaja vitabu visivyopungua 170. Katika baadhi ya maktaba nakala bandia zilikaa rafuni bila mtu kushtuka. Unaweza kuusoma ushahidi huu kwa namna mbili. Mlinzi wa mlango atasema: mnaona mnachopata mkiwaamini wasomaji? Nami humjibu kwamba kitabu kilichokuwa hakiombwi na mtu ndicho bandia lake lililokaa muda mrefu bila kugunduliwa. Msomaji wa pili mwenye macho ni mlinzi pia. Lakini sidai kwamba jibu langu linamaliza hoja yake.

Na hata msomaji mwema humaliza kitabu. Nimesema wakutubi wa Bodleian waliitambua Folio yao kwa jalada na kovu la mnyororo, mambo ambayo si maandishi. Ndani yake kuna jambo lingine la namna hiyo. Tamthilia zote hazikuchakaa sawa. Romeo na Juliet ndiyo iliyochakaa kuliko zote, na hasa ukurasa unaokabiliana na ule wa wapendanao kuzungumza Juliet akiwa juu dirishani. Mikono na viwiko vilivyouegemea vimeula. Kwa mwanahistoria wa usomaji hiyo ni hati ya ushahidi: wasomaji wa Folio ile walipenda mapenzi, kama mtu alikuwa na shaka. Kwa mhifadhi ni jeraha. Ukurasa ni uleule. Kama walinzi wa leo wangekuwepo karne ya 17, ukurasa ungekuwa mzima na sisi tungekosa habari. Kama wasomaji wangeendelea hivyo hadi leo, tungekosa ukurasa.

Hapa niseme neno dogo kuhusu glavu nyeupe, kwa kuwa kila filamu inayoonyesha kitabu cha kale lazima ionyeshe mtu amezivaa. Maktaba nyingi kubwa haziwataki wasomaji wa karatasi na ngozi wazivae. Glavu huondoa hisi za vidole, na mtu asiyehisi unene wa karatasi huichana. Mikono safi mikavu, penseli badala ya kalamu, na mto wa kulazia kitabu kisifunguke kupita kiasi ndivyo vinavyotakiwa. Glavu hubaki kwa picha za fotografia na vitu vya madini. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi heshima ya kuonekana inavyoweza kuwa mbali na utunzaji.

Heshima ya kuonekana ndiyo inayonisumbua pia kwenye fedha. Mwaka 2021 mkusanyo wa Honresfield, wenye miswada ya ndugu wa Brontë, Walter Scott na Robert Burns, ulikuwa umeandaliwa mnada. Shirika la Friends of the National Libraries likachangisha pauni milioni 15, mnada ukasitishwa, na vitu vikagawiwa maktaba na makumbusho za Uingereza. Mwaka 2014 kituo cha Harry Ransom cha Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kililipa dola milioni 2.2 kwa nyaraka za Gabriel García Márquez, na wapo wengi Kolombia walioona uchungu. Miaka mitatu baadaye kituo kikaweka mtandaoni, bure, picha zipatazo 27,000 za nyaraka hizo. Je, uchungu umeponywa? Msomaji wa Bogotá sasa anaziona rasimu zake akiwa kitandani. Ila swali lolote linalohitaji karatasi yenyewe litamdai tiketi ya ndege, na swali hilo ataliuliza katika chumba ambacho kanuni zake hakuziandika.

Sipingi manunuzi hayo. Kitu kikishaingia mikononi mwa tajiri asiyependa wageni kinaweza kutoonekana kwa vizazi viwili. Lakini mswada ulionunuliwa kwa mamilioni huzinduliwa kwa hotuba, na upigaji picha nao una uzinduzi wake. Kazi ya kuorodhesha haina sherehe. Mtu mmoja mwenye subira hukaa na sanduku, hufungua bahasha moja moja, huandika ni nini, cha nani, cha mwaka gani, kina kurasa ngapi na zipi zimekosekana. J. W. T. Allen alipokusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilichodumu kuliko safari zake ni orodha yake iliyochapwa mwaka 1970. Ukiwa nayo, hata bila picha, unajua cha kuomba. Ukiwa na maelfu ya picha zisizo na maelezo, umehamisha tu vurugu kutoka sandukuni kwenda kwenye skrini.

Tena kabla ya mnada na kamera na orodha, lazima awepo mtu aliyeamua kutotupa. Barua za Shaaban Robert za 1931 hadi 1958 tunazo, zimechapwa tangu 2002, kwa sababu ndugu yake Yusuf Ulenge alizitunza. Mwandikiwa alizitunza kwa kuwa ni barua za ndugu yake, na hakuhitaji maktaba imwambie thamani yake.

Uamuzi wangu basi, kwa anayetaka kuusikia. Picha ipigwe kwanza, na iwe ndiyo njia ya kawaida, kwa kuwa maswali mengi ya wasomaji wengi yanajibika kwayo na kila ombi linalojibiwa na picha linaipunguzia karatasi siku moja ya kuchakaa. Nakala za picha hizo zikae mahali pasipotegemeana, mifumo miwili tofauti, na ile ya kwanza kabisa ikabidhiwe taasisi ya mahali mswada ulipotoka. Lakini maktaba itamke wazi ni nini hakikupigwa: jalada, mgongo, kurasa tupu. Na jibu la "iko mtandaoni" lisiwe mwisho wa mazungumzo. Msomaji akieleza swali ambalo picha haiwezi kulijibu, la nukta au la uzi, apewe mswada, aketi nao mbele ya mtu anayemtazama, kwa penseli. Swali liwe ndilo kipimo. Cheo chake kisiulizwe, wala chuo anachotoka, maana kanuni nyingi zinazodai barua ya utambulisho huchuja watu wasio na taasisi, na hao mara nyingi ndio wanaojua utungo kwa moyo.

Najua gharama ya msimamo huu. Baadhi ya kurasa zitachakaa kwa sababu yake. Pengine mwizi mmoja atapita. Wapo wahifadhi ninaowaheshimu ambao kwao hiyo ni bei kubwa mno, na kwa mswada wa wino unaotafuna karatasi, ambao kila mfunguo huacha vumbi mezani, nakubaliana nao: huo ufungwe. Mingine ifunguliwe.

Folio ya Bodleian imeshapigwa picha nayo, kila ukurasa, kwa michango ya watu, kwa sababu imedhoofika mno kuombwa hovyo. Ukiingia mtandaoni ukatafuta tamthilia ya Romeo na Juliet, uchakavu unauona bila kuukuza: karatasi imelegea, ukingo umelika. Wanaoutazama siku hizi ni wengi kuliko wote waliowahi kuuegemea, na ukurasa umebaki vilevile ulivyoachwa na mkono wa mwisho.